Wakaaji wa kwanza wa misioni ya Mpala

Wakisikia Mpala, kando ya ziwa Tanganika, watu humtaja kapiteni Storms, aliyejenga boma mwaka 1883, na kapiteni Joubert, aliyefika 1887 kupigana na wauza watumwa. Lakini boma si kijiji. Mapadri Weupe walilipokea 1885, wakakusanya humo watoto waliokombolewa utumwani. Watoto hao hawakuchagua kuja. Tena, kwa Watabwa mtu ni wa ukoo wa mama yake. Asiye na mjomba, nani atamtetea, nani atamsemea habari ya ndoa? Basi mapadri walishika kazi ya mjomba: waliwaoza, wakawapa mashamba. Joubert mwenyewe alimwoa Agnes Atakaye mwaka 1888, akabaki nchini mpaka kufa, 1927. Kaburi lake hujulikana. Wale wakulima, ni nani anayewataja?