Likizo pwani ya Ujerumani: kwa nini watalii hutazama saa kabla ya kuingia baharini

Ukisikia likizo ya pwani Ulaya, huenda unafikiria jua na kuogelea. Pwani ya Bahari ya Kaskazini, huko Ujerumani, haiko hivyo. Upepo ni wa baridi, na hata majira ya joto maji mara chache hupita nyuzi 20. Watu huketi ndani ya viti vya kikapu vyenye paa, vinavyokinga upepo. Fundi Wilhelm Bartelmann wa mji wa Rostock alitengeneza kiti cha namna hiyo mwaka 1882, na hadi leo vimejaa ufukweni.

Hata hivyo watalii huenda kwa wingi. Kinachowavuta ni bahari inayoondoka.

Bahari inaondokaje?

Mvuto wa mwezi na jua hufanya maji ya bahari yajae na kupwa. Kutoka maji kujaa hadi kujaa tena hupita saa 12 na dakika 25 hivi. Kwa hiyo bahari hupwa takriban mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi kuliko jana yake.

Mahali penye kina kirefu mabadiliko hayo hayaonekani sana. Lakini hapa sakafu ya bahari ni tambarare. Maji yakipwa, kilomita nyingi za tope na mchanga hubaki wazi. Wajerumani hupaita Wattenmeer. Eneo hilo lina urefu wa kilomita 500 hivi, kutoka Uholanzi kupitia Ujerumani hadi Denmark. UNESCO ililiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2009, na sehemu ya Denmark ikaongezwa mwaka 2014.

Watalii hufanya nini huko?

Hutembea juu ya sakafu ya bahari, miguu mitupu au kwa viatu vya kukanyagia tope. Huona kaa, kombe na vilima vidogo vya mchanga vilivyosukumwa juu na minyoo. Viumbe hao ndio chakula cha mamilioni ya ndege wanaohama, wengine wakiwa safarini kati ya Aktiki na Afrika.

Njia maarufu huanzia Cuxhaven hadi kisiwa cha Neuwerk. Ni mwendo wa saa tatu hivi. Kisiwani kuna mnara uliokamilika mwaka 1310. Wasioweza kutembea wamekuwa wakipelekwa kwa magari ya farasi yenye magurudumu makubwa.

Siku ambayo saa za kupwa hazifai, wengi hupanda meli kwenda kisiwa cha Helgoland kutazama majabali yake mekundu. Waliosoma historia wanalijua jina hilo. Kwa mkataba wa mwaka 1890, Uingereza iliiachia Ujerumani kisiwa hicho, na Ujerumani ikakubali Zanzibar iwe chini ya ulinzi wa Uingereza.

Hatari iko wapi?

Mgeni hudhani maji yatarudi kwa mbele, na kwamba akiyaona atageuka na kukimbia. Sivyo. Sakafu hii imekatwa na mifereji. Maji yanaporudi, hujaza kwanza mifereji hiyo, na baadhi yake iko kati yako na nchi kavu. Unaposimama bado ni pakavu, lakini njia ya kurudi imeshafungwa na mkondo wenye nguvu. Ukungu ukishuka, hujui tena ufuko uko upande gani.

Ndiyo maana kwenye njia ya Neuwerk kuna nguzo ndefu zenye vizimba juu. Aliyezingirwa na maji hupanda ngazi na kusubiri kuokolewa.

Kanuni ni chache. Soma jedwali la maji kupwa na kujaa la siku ile ile, kwa kuwa la jana halifai. Nenda na kiongozi anayeijua njia, kwa sababu mifereji huhama. Anza safari maji yakiwa bado yanapwa, si yakiwa yameshaanza kurudi. Ukikwama, piga 112, namba ya dharura inayotumika katika Umoja wa Ulaya.

Kuna kanuni moja zaidi, ya kuwalinda wanyama. Majira ya joto, watoto wa sili, wanyama wa baharini wanaonyonyesha, huonekana peke yao ufukweni. Usimguse wala kumrudisha majini. Huenda mama yake amekwenda kutafuta chakula, na akiwaona watu anaweza asirudi. Ukitaka kuwaona sili kwa karibu, kuna kituo cha kuwatunza katika mji wa Friedrichskoog.

Kwa wasikilizaji wetu wanaokwenda kutafuta pweza au kulima mwani wakati wa bamvua, mengi ya haya si mageni. Tofauti ni kwamba mtalii hakulelewa na bahari hiyo, kwa hiyo humlipa mtu aliyeizoea amwambie ni wakati gani wa kugeuka.