Daftari ya Papa

Mimi ni mtoi wa Salamabila, Kabambare, Maniema ya dhahabu, lakini Nairobi ndio imenilea na Sheng ndio nabonga nikiamka. Kila end-mwezi ganji ikiingia naibuka Naivas, nabeba unga, mafuta na sabuni ya mche, alafu nampigia yaya, ndugu yangu mkubwa. Yeye ndio anashikilia butiki na Papa huko nyumbani. Swali lake ni lile lile: "Mafuta huko ni ngapi?" Nikimshow, ananyamaza.

Hiyo kimya ndio ilifanya nianze kufuatilia story ya Naivas.

Naivas ilianza 1990 Rongai, na sio Rongai ya manganya, ni ile ya Nakuru. Mzae mmoja, Peter Mukuha Kago, alifungua duka la kujihudumia, watoi wake wakaingia wera naye. Akadedi 2010. Familia ikavutana hadi kortini, lakini milango haikufungwa. 2020 wakauzia wawekezaji wa nje shea 30%. 2022 kampuni ya IBL ya Mauritius na wenzake wakashika 40%. 2023 branchi zikagonga 100. Mi nawapea heshima hapo kwa shea: familia ilikubali watu baki wafungue vitabu na wasome kila kitu.

Juu wengine walianguka wakiwa wakubwa kuliko wao. Nakumatt ilitoka Nakuru hiyo hiyo, ikiuza magodoro, ikavuka hadi Uganda na Rwanda, madeni yakaimaliza 2020. Tuskys ya mzae Joram Kamau pia ni ya magodoro, pia ni ya Nakuru. Mabro walipelekana korti miaka mob, suppliers wakakosa kulipwa, rafu zikabaki mbao tupu.

Sasa cheki kwetu. Wateja wako, tena wengi. Mchimbaji anashuka kutoka shimo na matope hadi magotini, anafungua kikaratasi kwa kaunta. Papa anatoa mizani ndogo, anapanga njiti za kiberiti upande mmoja, anamwaga ile vumbi ya manjano upande wa pili. Watu wote kwa butiki wanashikilia pumzi isipeperuke. Alafu msee ananunua chumvi ya kijiko na mafuta ya kichupa.

Na hiyo kichupa ni ghali kuliko yangu ya Nairobi. Naivas inauza cheap juu inanunua mzigo wa malori, inakula faida kidogo kwa kila pakiti, na stoku inaisha mbio. Papa stoku yake iko kwa barabara ya Lulimba. Mvua ikinyesha lori linalala kwa matope. Wenye bunduki wanaweka vizuizi, na kila kizuizi kinataka chake. Hata Banro, kampuni nzima, ilianza kuzalisha dhahabu kibiashara 2016 kwa mgodi wa Namoya, hapo kwetu, na 2019 ikasimamisha kazi juu ya mashambulizi. Sasa Papa na magunia yake manne atashusha bei na nini?

Na mtu asituambie Maniema hatujui biashara. Kasongo ilikuwa soko kubwa ya mfanyabiashara Tippu Tip karne ya 19, ingawa hiyo soko iliuza hadi watu, na hiyo bado inaniuma.

Barabara mi siwezi jenga. Lakini kuna daftari. Papa anaandikanga kila kitu kwa moja: deni ya wachimbaji, karo ya watoto, mchango wa matanga, mchele tulioukula wenyewe. Nikamwomba yaya afungue ingine, ya duka peke yake. Papa alikasirika siku tatu, hakusalimia mtu.

Wiki jana yaya akanitumia picha. Ukurasa wa kwanza, mwandiko wa Papa mwenyewe, ule wa kulala upande: "Papa, sabuni 1, alisha lipa."