Uso usipotelee kwenye wino: namna ya kutengeneza picha ya nyeusi na nyeupe

Fulana zenye sura ya marehemu zimekuwa sehemu ya mazishi katika miji mingi ya Afrika Mashariki. Wakati wa kampeni huchapwa sura za wagombea, na timu za mtaani nazo huchapa za wachezaji wao. Kazi nyingi za aina hii hufanywa kwa wino wa rangi moja, kwa sababu kila rangi huhitaji skrini yake, na kila skrini ni gharama. Kwa hiyo picha ya simu, yenye vivuli vya kila namna, hulazimika kugeuzwa iwe nyeusi na nyeupe tupu, bila kijivu katikati.

Hapo ndipo nyuso nyingi hupotea. Mteja hupeleka picha nzuri, akarudishiwa doa jeusi lenye meno.

Chanzo chake ni mpaka wa mwanga ambao programu hutumia kuamua nukta ipi iwe nyeusi na ipi iwe nyeupe. Katika Adobe Illustrator mpaka huo huanzia 128, karibu nusu ya kipimo kinachofika 255. Katika Inkscape huanzia 0.45 kwa kipimo cha 0 hadi 1. Nukta yoyote iliyo chini ya mpaka huwa nyeusi. Uso wa mtu mweusi uliopigwa picha kivulini unaweza kuwa wote chini ya mpaka huo, kuanzia paji hadi kidevu. Fundi anayebofya na kukubali kilichopangwa kiwandani humfuta mteja wake bila kujua.

Dawa ni kuushusha mpaka. Katika Inkscape, programu ya bure iliyoanza mwaka 2003, fundi huingiza picha, huichagua, kisha hufungua Trace Bitmap kwenye menyu ya Path. Hushusha kipimo kidogo kidogo, 0.40, 0.35, 0.30, huku akitazama kioo. Paji la uso hujitokeza kwanza, kisha mfupa wa pua, mashavu na mdomo wa chini. Husimama pale ambapo macho yanaonekana na kidevu kimejitenga na shingo. Mchoro mpya hukaa juu ya picha ya awali, ndiyo maana wanaoanza hudhani hakuna kilichofanyika. Wauburute pembeni, watauona.

Mara nyingi mpaka mmoja hautoshi. Ukiokoa uso, shati jeupe nalo hupoteza mikunjo yake na kuungana na ukuta. Mafundi wazoefu hufanya kazi mara mbili: uso kwa mpaka wake, nguo kwa mpaka mwingine, kisha huunganisha vipande. Mistari iliyokatika huichora kwa mkono, na vidoa vidogo huvifuta, kwani kwenye kitambaa vitaonekana kama uchafu.

Kazi hii ilikuwapo kabla ya kompyuta. Picha ya Che Guevara inayoonekana kwenye mabasi na fulana za ukanda huu ilipigwa na Alberto Korda mjini Havana Machi 1960. Mwaka 1968 msanii wa Ireland, Jim Fitzpatrick, aliipunguza ikabaki maeneo machache ya weusi mtupu, na sura hiyo ndiyo iliyozunguka dunia. Ilidumu kwa sababu yaliyoachwa nje yalichaguliwa kwa uangalifu sawa na yaliyobaki.

Faida ya programu za vekta, iwe Inkscape, Illustrator au CorelDRAW, ni kwamba mchoro huhifadhiwa kama mistari na mikunjo, si kama nukta. Faili ile ile hutoa beji ya mgombea na bango la barabarani bila kingo kuwa na ngazi. Mchoro safi wa namna hii huwa faili ndogo, na muundo wa SVG, uliopitishwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2001, hufunguliwa na programu nyingi. Mchoraji aliye Kigali anaweza kumtumia mchapaji wa Barabara ya Nasser, Kampala, au wa Kariakoo, Dar es Salaam, bila kusafirisha karatasi.

Rangi ya fulana nayo ina masharti yake. Sehemu inayoonekana nyeupe kwenye kioo kwa kawaida haina wino kabisa, hivyo kwenye fulana ya manjano macho yatakuwa ya manjano. Kwenye fulana nyeusi wino mweupe huchapa sehemu zenye mwanga, si vivuli. Asiyegeuza mchoro hutoa mtu mwenye nywele nyeupe na meno meusi, kama negativu za filamu za zamani.

Mteja naye ana wajibu. Picha iliyopitia WhatsApp mara kadhaa huwa imepoteza mengi. Ni heri ile ya awali. Ikiwa iliyopo ni pasipoti ndogo tu, iskaniwe kwa nukta 600 kwa inchi badala ya kupigwa kwa simu. Kama bado kuna nafasi ya kupiga picha mpya, mhusika asimame karibu na dirisha, mwanga umwangukie upande mmoja. Jua la mchana likiwa utosini huyajaza macho kivuli.

Kabla ya skrini kuandaliwa, mchoro uchapwe kwenye karatasi kwa ukubwa kamili na kubandikwa ukutani. Mtu wa familia asimame hatua kumi na kuambiwa ataje ni nani. Akisita, fundi arudi kwenye mpaka wa mwanga. Karatasi moja ni nafuu kuliko fulana mia ambazo waombolezaji watazivaa wakiulizana ni sura ya nani.