Askari Anayeponya kwa Mikono



Jeshini kuna kazi moja ambayo wengi wetu hatuijui. Mwenye kazi hiyo huvaa sare na ana cheo kama askari wengine, lakini chombo chake cha kazi ni mikono yake miwili. Ni mtaalamu wa tiba ya viungo, na wagonjwa humwita fizio. Utamkuta katika hospitali za jeshi kama ile ya Mbuya hapa Kampala, kwenye kilima kilicho karibu na viwanda vya Nakawa.

Daktari akimaliza kukata na kushona, kazi ya fizio ndiyo huanza. Askari aliyekatwa mguu chini ya goti hufundishwa kufunga kigutu kwa bendeji ili kisivimbe, na kulala kifudifudi. Hukatazwa kuweka mto chini ya goti, ijapokuwa mto huleta raha, kwa sababu goti likizoea kukunjwa halitanyooka tena, na mguu wa bandia hautamfaa. Kisha hujifunza kusimama, kutembea kwa magongo na kupanda ngazi. Ni kazi ya miezi, na maneno yake ni machache: kunja, nyoosha, vuta pumzi, rudia. Kwa kuwa Kiswahili ni lugha ya jeshi la Uganda tangu siku za King's African Rifles, Mkaramoja, Mganda na Mlugbara huyafuata maneno hayo hayo.

Kazi hii ilikuzwa na vita. Huko Uingereza, mwaka 1894, wauguzi wanne waliunda chama ili kulinda heshima ya kazi yao ya kukanda viungo. Vita vya 1914 vilipoanza, wakandaji waliitwa kuwahudumia majeruhi. Mwaka 1944 Dakta Ludwig Guttmann alifungua wodi huko Stoke Mandeville kwa ajili ya askari walioumia uti wa mgongo, watu ambao zamani waliachwa kitandani wangoje kufa. Yeye aliwageuza, akawaketisha, akawapa kazi na michezo. Mwaka 1948 wagonjwa 16 walishindana kupiga mishale kwa upinde, na hapo ndipo Paralimpiki ilipoanzia.

Elimu ya namna hii haikubaki kambini. Hapa Mulago, miaka ya 1960, Profesa Ronald Huckstep aliwasimamisha watoto wenye polio kwa vyuma vya miguu vya bei nafuu vilivyotengenezwa hapa hapa.

Lakini fizio wa jeshini ana mzigo mzito. Kamanda anataka askari wake arudi kikosini, na goti bado halijapona. Askari mwenyewe naye huficha maumivu, asije akakosa safari ya Somalia na posho yake. Mficha maradhi kifo humuumbua. Fizio mwema huandika ukweli: huyu apewe kazi nyepesi mpaka tarehe fulani.

Hapa ndipo jambo hili linapotugusa sisi. Mpakiaji wa magunia akiumia mgongo hupewa vidonge, na kesho yake anarudi kwenye gunia. Mchuma chai aliyevunjika mkono huondolewa plasta, akaambiwa amepona, huku vidole havifungi. Sisi tumewaona wenzetu wengi namna hiyo, nguvu zao zikaisha kabla ya umri wao.

Askari hana chama, kwa sababu Sheria ya Vyama vya Wafanyakazi ya 2006 haimhusu. Wala Sheria ya Fidia ya Wafanyakazi ya 2000 haimhusu akiwa bado jeshini. Sisi zinatuhusu zote mbili. Mwajiri anapaswa kulipa gharama zinazofaa za matibabu ya aliyeumia kazini. Kilema cha kudumu hulipwa kwa kuzidisha mshahara wa miezi 60 kwa asilimia ya kilema. Asilimia 20 ni mshahara wa miezi 12. Lakini toa taarifa ya ajali ndani ya mwezi mmoja, usingoje.

Hata hivyo, fedha haikunjui kidole kilichokauka. Kwa hiyo tunasema, kila tawi lipeleke madai haya mezani kwa mwajiri:

Kwanza, majeruhi apelekwe kwa fizio mapema, wala asingoje kiungo kikaze.

Pili, saa za mazoezi hospitalini zihesabiwe kuwa saa za kazi, kwa mshahara kamili.

Tatu, cheti cha kazi nyepesi kiheshimiwe na msimamizi, na mwenye nacho asifukuzwe.

Ikiwa jeshi, lenye amri kali kuliko kiwanda chochote, linajua kwamba mguu ulioumia hauponi kwa amri, msimamizi wa kiwanda naye hana budi kulijua. Tuyaandike madai haya katika mkataba, tuyasimamie pamoja.