Asubuhi ya Tarehe 23 Oktoba

Haya wajukuu, sogeeni karibu. Mmeuliza kwa nini sisi Wasabato tunasema Yesu yu karibu kurudi, na bado hatutaji siku wala saa. Jibu lake ni hadithi, nayo inaanzia Marekani kwa mkulima aliyeitwa William Miller.

Miller alipigana katika vita vya Marekani na Uingereza vilivyoanza mwaka 1812. Alirudi shambani kwake Low Hampton, jimbo la New York, na mwaka 1816 moyo wake ukamgeukia Kristo. Akaanza kusoma Biblia taratibu, mstari kwa mstari, hauachi mmoja mpaka ameuelewa. Alipofika Danieli 8:14 akakuta siku 2300, na baada yake patakatifu kutakaswa. Akahesabu kila siku kuwa mwaka mmoja, akaanzia mwaka 457 kabla ya Kristo. Chukueni kalamu: 2300 ukitoa 457 unapata 1843. Lakini kati ya miaka ya kabla ya Kristo na ya baada yake hakuna mwaka sifuri, kwa hiyo ongezeni mmoja: 1844. Miller alidhani patakatifu ni dunia hii, itakayotakaswa kwa moto Bwana atakapokuja.

Alilificha jambo hilo miaka mingi kwa kuogopa kusimama mbele za watu, mpaka 1831 alipoanza kuhubiri. Mchungaji Joshua Himes wa Boston akaanzisha gazeti mwaka 1840, na habari zikasambaa kila upande. Watu walikusanyika mahemani, kama sisi tunavyokwenda makambi. Katika mkutano wa namna hiyo huko Exeter, New Hampshire, Agosti 1844, Samuel Snow alieleza kwamba siku yenyewe ni tarehe 22 Oktoba.

Jiwekeni mahali pao. Wapo walioacha viazi ardhini bila kuvichimba. Wapo waliofunga maduka, wakalipa madeni, wakaombana msamaha na majirani waliokosana nao. Siku ilipofika walikaa pamoja, wakaimba, wakaomba, wakatazama mbingu. Jua likachwa. Saa sita ya usiku ikapita. Kwenye shamba la mmoja wao, Hiram Edson, karibu na Port Gibson, New York, watu wazima walilia mpaka kukakucha.

Kulipokucha walikuta majirani wanawacheka, na wengi wakaiacha imani kabisa. Siwalaumu, maana uchungu ule ulikuwa mkubwa. Lakini Edson na wenzake wachache waliingia ghalani kuomba. Kisha yeye na mwenzake wakatoka kwenda kuwafariji wengine, wakakatiza katikati ya shamba la mahindi wasikutane na wenye kuwadhihaki. Humo katikati ya mahindi Edson alisimama, wazo likamjia: patakatifu pa Danieli si dunia. Ni hekalu la mbinguni, ambamo Yesu, Kuhani wetu Mkuu, alikuwa ameanza kazi yake ya mwisho kabla ya kurudi. Hesabu ilikuwa sawa. Tukio ndilo walilokosea. Hivyo ndivyo Waadventista Wasabato wanavyoamini hadi leo.

Miezi miwili baadaye, mjini Portland, jimbo la Maine, binti wa miaka 17 aliyeitwa Ellen Harmon alipata njozi yake ya kwanza. Aliona watu wa Mungu wakitembea kwenye njia nyembamba iliyo juu, macho yao kwa Yesu. Alikuwa dhaifu wa afya, na shule aliiacha angali mtoto. Baadaye aliolewa na James White, na ndiye tunayemwita Ellen White. Nanyi vijana msiseme bado ni mapema kwenu kumtumikia Mungu.

Kundi dogo lililobaki na imani baada ya Oktoba ile ndilo lililokuja kujiita masalio, yaani wanaobaki waaminifu. Ufunuo 14:12 unawataja kwa alama mbili: wanashika amri za Mungu, na wana imani ya Yesu. Hizo mbili huenda pamoja. Nasikitika sana nikimkuta kijana aliyefundishwa siku za mwisho kwa vitisho vitupu, anajua majina ya wanyama wote wa Ufunuo lakini kusali hajui. Kujiandaa ni kumjua Yesu leo, kusema kweli leo, kumsamehe mwenzako leo. Miller mwenyewe, baada ya Oktoba ile, aliandika kwamba sasa anamngojea Bwana kila siku anayoamka. Alifariki mwaka 1849 akingali anangoja.

Mtaniuliza: kama Bwana yu karibu, mbona Wasabato wanajenga shule na hospitali? Ni kwa sababu mtumishi hungoja akiwa kazini. Kanisa liliundwa rasmi mwaka 1863 mjini Battle Creek, Michigan, na miaka mitatu tu baadaye likafungua pale pale nyumba ya kutibu wagonjwa. Mwaka 1903 wamisionari wawili Wajerumani, Johannes Ehlers na A. C. Enns, walifika milima ya Upare, katika Tanzania ya leo, wakaanza kazi Giti. Aliyewafuata, Ernst Kotz, alihubiri kwamba Yesu anarudi upesi. Na huku akihubiri hivyo, aliketi na Wapare akajifunza Chasu, neno kwa neno, mpaka mwaka 1909 akachapisha kitabu kizima cha sarufi ya lugha hiyo.