Sikio Limenasa, Jicho Limefifia

Picha ya mtoto ikitoka na ukungu usiifute upesi. Ikuze kwanza mpaka uso ujae kioo, kisha uisome, kwa maana kila ukungu una chanzo chake na chanzo hicho huacha alama. Anza kwa kutafuta kama kuna kitu chochote kilichotoka safi. Nyuzi za shati zikihesabika na sikio likiwa limenasa, lakini macho yamefifia, fokasi imeshika mahali pasipo pake. Ukuta wa nyuma ukiwa safi na uso au mkono wa mtoto umeburutika kuelekea upande mmoja, mtoto alisogea na shata ilikuwa ya polepole. Vyote vikiburutika pamoja, ukuta, kigoda na mtoto mwenyewe, mkono wako ndio uliotikisika. Kwenye simu kuna ukungu wa nne ambao wengi huutupia kamera lawama bure: picha nzima ina utando mweupe na kila taa imetoa michirizi. Hayo ni mafuta ya vidole juu ya lenzi, na pembe safi ya khanga ya pamba inatosha kuyaondoa.

Nalisisitiza zoezi hili kwa sababu dawa ya ukungu mmoja haitibu mwingine. Mwenye tatizo la shata anaweza kununua lenzi ya bei mbaya na bado akapata picha zilezile.

Kwa wanaoanza kutumia kamera, ukungu ule wa kwanza ndio unaosumbua zaidi, na mara nyingi huletwa na kitu wanachokipenda mno: nyuma iliyofifia kabisa, taa zimegeuka miduara, mtoto peke yake amejitokeza. Lenzi ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8 huwavutia wengi kwa sababu inaweza hayo na bei yake ni nafuu ukilinganisha na lenzi nyingine. Sasa hebu tupige hesabu. Kwenye kamera yenye sensa ya ukubwa wa filamu ya milimita 35, tundu likiwa limefunguliwa hadi f/1.8 na mtoto yuko mita 1 kutoka kwako, eneo lililo ndani ya fokasi lina kina cha takriban sentimita 4, mbele na nyuma kwa pamoja. Kutoka ncha ya pua ya mtoto wa miaka mitatu hadi sikioni ni zaidi ya hapo. Kwa hiyo hata kama kamera imeshika sawasawa kwenye kope, sikio limeshapotea. Mtoto akiinamia viatu vyake vipya vya Idi baada ya fokasi kushika na kabla hujamaliza kubonyeza kitufe, macho nayo yameondoka.

Rudi nyuma nusu mita tu. Kina kinapanda hadi karibu sentimita 10, kwa kuwa hukua kwa mraba wa umbali: umbali ukiongezeka mara moja na nusu, kina kinazidi mara mbili. Punguza tundu hadi f/4 ukiwa hapo hapo ulipo, unapata zaidi ya sentimita 20. Uso mzima umeingia, na mtoto ana nafasi ya kutikisa kichwa. Nyuma je? Itafifia bado, mradi mtoto asiegemee ukuta. Msogeze mita 3 au 4 mbele ya ukuta, nao utalainika wenyewe. Wengi hutafuta ulaini huo kwa kufungua tundu hadi mwisho, ilhali hatua chache za mtoto zingewapa sehemu kubwa ya wanachokitaka bila kuyapoteza macho. Kwa anayejifunza, naona f/4 ndiyo shule bora. f/1.8 isubiri siku ambayo mtoto amelala.

Wapo waliouchagua ulaini kwa makusudi. Julia Margaret Cameron, Mwingereza aliyepewa kamera yake ya kwanza mwaka 1863 akiwa na miaka 48, alimpiga msichana mdogo aitwaye Annie mnamo Januari 1864, na picha ile akaihesabu kuwa ndiyo ya kwanza kumfanikia. Wapiga picha wa wakati wake walimshutumu kwamba hajui fokasi. Yeye alieleza kuwa alipokuwa akizungusha lenzi na kufika mahali ambapo jicho lake liliona uzuri, alikomea hapo. Nazipenda sana picha zake, na nazitaja ili nisieleweke kwamba picha laini ni picha mbaya. Cameron aliuona ulaini ule kwenye kioo cha kamera, akaukubali, ndipo akapiga. Anayeugundua akifika nyumbani hakuuchagua.

Ukungu wa mwendo una hesabu yake. Mtoto anayekimbia mita 2 kwa sekunde, ukimpiga kwa shata ya 1/60, atakuwa amesogea zaidi ya sentimita 3 kabla shata haijafunga. Kwa 1/500 husogea milimita 4, na hapo uso unaanza kuonekana safi. Aliyeketi akicheka anahitaji angalau 1/250, kwa sababu kicheko cha mtoto hutikisa mwili mzima. Ndani ya nyumba usiku, chini ya taa moja ya sebuleni, kasi hiyo hupatikana kwa kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuupokea mwanga, hadi 3200 au zaidi. Picha itakuwa na chengachenga. Ziache. Chengachenga hazimfichi mtoto, ila uso ulioburutika hakuna programu itakayoufanya uwe ulivyokuwa.

Simu nazo, usiku, hupiga picha kadhaa mfululizo na kuziunganisha kuwa moja. Kwa mnara au jengo ni sawa. Kwa mtoto asiyetulia, ni njia ya kumpa vidole saba. Ile hali ya picha za uso, iliyovuma tangu iPhone 7 Plus ya mwaka 2016, haiko mbali na hapo: programu hukisia mtu anaishia wapi, kisha hufifisha kilichobaki, na pembeni mwa nywele za kipilipili au utepe mwembamba hukosea mara kwa mara. Mchana, ukiwa na mwanga mzuri, hali ya kawaida inatosha. Gusa uso wa mtoto kwenye kioo ili simu ijue unamtaka nani.

Mwanga wenyewe unaisaidia fokasi kuliko watu wanavyodhani. Kamera hushika fokasi kwa kutafuta tofauti kati ya palipo angavu na palipo giza. Uso mweusi uliolipa mgongo dirisha angavu hauipi tofauti ya kutosha, na lenzi huenda mbele na kurudi bila kutulia. Mgeuze mtoto. Mkalishe hatua moja ndani ya mlango ulio wazi, akitazama nje, jua lenyewe lisimfikie. Mboni zitapata nukta angavu, kope zitachorwa, na kamera itakuwa na mahali pa kushika. Kwenye vichochoro vya Lamu na Mji Mkongwe, ukuta wa chokaa ulio mkabala na mlango hurudisha mwanga laini ambao wenye studio hulipia.

Kuhusu kamera yenyewe, acha fokasi ya kushika mara moja na kuganda. Tumia ile inayomfuata mtu: kwenye Canon jina lake lina neno Servo, kwenye Nikon na Sony imeandikwa AF-C. Ikiwa kamera hutambua macho, iruhusu. Ikiwa ni ya zamani, chagua nukta moja ya fokasi na uiweke juu ya jicho lililo karibu nawe.

Mtoto naye ana njia zake. Ukimwambia “tulia” anakakamaa. Piga goti, lenzi iwe usawa wa macho yake, kisha mpe kazi: “Hebu baba, nihesabie vifungo vya kanzu yako.” Atainama, atahesabu kwa kidole, na akifika cha mwisho atainua kichwa akupe jibu. Anapoinua kichwa ndipo unapobonyeza, na ndipo zile sentimita 20 zinapokufaa, maana uso umesogea kutoka pale ulipokuwa. Anayempenda, bibi au dada, asimame nyuma ya bega lako. Akimwita kutoka pembeni, macho yatakwenda huko.

Kabla ya yote hayo, fanya mazoezi na chupa ya maji yenye maandishi. Ipige kwa f/1.8, kisha f/2.8, kisha f/4, uone ni herufi zipi zinasomeka. Halafu tafuta mtoto wa miaka minane anayeweza kukuvumilia. Kisha nenda kwenye bembea: ikifika mwisho wake wa mbele husimama nukta moja kabla ya kurudi, na hapo mtoto hana mwendo kabisa. Weka fokasi mahali hapo, umsubiri afike.