Krismasi Iingie Nyumbani, Karo Isitoke



Ikifika Desemba kila mama hutaka nyumba yake ipendeze. Watoto wako nyumbani, wageni watakuja kutoka mjini, kutoka Kaloleni na kutoka Malindi, na jirani zetu Waislamu nao watapita kutupa mkono wa heri na kuonja chapati. Kupamba nyumba si dhambi wala si anasa. Taabu iko kwenye hesabu. Riboni ya kumetameta iliyonunuliwa mjini tarehe 23 haina kazi tena mwaka mpya ukiingia, na shule zinafunguliwa mapema Januari. Mwenye nyumba hubaki na riboni ukutani, mkopo wa simu unamdai kila asubuhi, na mtoto hana viatu.

Basi kabla ya kutoa hata shilingi kumi, jiulize swali moja: kitu hiki tarehe 7 Januari kitakuwa kinafanya kazi gani? Tumechagua tarehe 7 kwa sababu Krismasi haiishi siku ya Krismasi. Kwa desturi ya Kanisa ni siku kumi na mbili, mpaka Epifania, tarehe 6 Januari, tunapowakumbuka Mamajusi. Siku inayofuata ni ya kuteremsha mapambo na kuhesabu kilichobaki. Kama kilichobaki ni ukuta mzuri, mkeka mpya na mche wa kupanda, pesa yako hukuitupa.

ANZA NA UKUTA

Nyumba zetu nyingi Mwakirunge ni za fito na udongo. Vuli hunyesha toka Oktoba mpaka karibu na Desemba, na maji yanayoruka kutoka ardhini huula ukuta chini, kiasi cha goti. Nyufa nazo hufunguka, na humo ndimo wanamokaa mende na kunguni. Kutundika riboni kwenye ukuta wa namna hiyo ni sawa na kupaka wanja jicho lenye tongo. Pambo la kwanza la Krismasi ni udongo, na udongo hauuzwi dukani.

Ngojeni vuli ipungue, mfanye kazi hii wiki ya kwanza au ya pili ya Desemba. Kaskazi inaanza kuvuma wakati huo na ukuta utakauka vizuri. Lakini msisilibe jua likiwa utosini, kwa maana udongo ukikauka haraka hupasuka. Asubuhi mapema au jioni ndiyo saa yake.

Udongo wa shamba moja si sawa na wa shamba lingine, kwa hiyo upimeni kwanza. Finyangeni vibonge vitatu, kila kimoja kama ndimu kubwa. Cha kwanza udongo mtupu. Cha pili udongo vipimo viwili na mchanga kipimo kimoja. Cha tatu nusu kwa nusu. Viwekeni kivulini siku mbili. Kilichopasuka kina udongo wa mfinyanzi mwingi mno. Kinachovunjika vumbi ukikibonyeza kwa vidole kina mchanga mwingi mno. Kile kisichofanya hivi wala vile ndicho mchanganyiko wenu. Kama vyote vitatu vimekataa, ongezeni au punguzeni mchanga mjaribu tena.

Sasa kazi yenyewe. Kwangua udongo uliolegea mpaka ufikie mgumu. Lowesha ukuta kwa maji kabla ya kupaka. Wengi hupaka juu ya ukuta mkavu, ule ukuta unakunywa maji yote na udongo mpya unabanduka kama ganda la yai. Nyufa na mashimo yazibwe kwa udongo uliochanganywa na nyuzi za makumbi zilizokatwa fupi fupi, au nyasi kavu, kwa sababu nyuzi huushika udongo usipasuke. Ikikauka, ndipo usilibe juu yake kwa udongo laini uliochekechwa, tabaka jembamba tu.

Baada ya hapo ni chokaa. Wazee wa Pwani walichoma matumbawe wakapata chokaa, na ndiyo iliyopiga lipu nyumba za mawe za Lamu na za Mji wa Kale wa Mombasa. Siku hizi tunanunua ya unga katika mfuko. Hakikisheni ni ile iliyokwisha kuzimwa. Chokaa hai ikikutana na maji huchemka na inaweza kumuunguza mtu vibaya. Loweka usiku kucha, chuja kwa kipande cha leso kuukuu, kisha utie chumvi, kikombe kimoja kwa ndoo, ishike vizuri zaidi. Iwe nyepesi kama maziwa. Ukiipaka utaiona kama majimaji tu na utashawishika kuongeza unga. Usiongeze! Inakuwa nyeupe ikikauka. Ikiwa nzito itamwagika maganda kabla ya Pasaka. Pakeni mara mbili, ukuta ukiwa na unyevu kidogo. Brashi si lazima kununua: kipande cha kumbi la nazi kilichopondwa ncha mpaka nyuzi zitokeze kinafanya kazi hiyo. Watoto wakae mbali, na ikimrukia mtu jichoni aoshwe kwa maji mengi mara moja, halafu apelekwe zahanati.

Mwisho, chini ya ukuta, kiasi cha goti, pigeni mkanda wa udongo mwekundu, au mweusi wa mkaa uliosagwa. Unapendeza sana pamoja na weupe wa juu. Pia masika ikija, matope yanayoruka hayataonekana.

Kazi hii ni ya kikundi, si ya mtu mmoja. Tuseme mko kina mama 12, na kila mmoja anatoa shilingi 20 kwa wiki kuanzia mwanzo wa Septemba. Kwa wiki 15 mnakuwa na shilingi 3,600. Nunueni chokaa na chumvi kwa pamoja, ziada igawanywe au iwekwe ya madaftari. Kila mmoja ametoa shilingi 300. Zikitoka ishirini ishirini mtu hahisi, lakini zikitakiwa zote tarehe 20 Desemba, hapo ndipo simu inafunguliwa na mkopo unaombwa. Kwenye nyumba pia mwende kwa zamu, mkianza na ya bibi asiyejiweza. Andikeni zamu kwenye daftari la kikundi ili pasiwe na maneno.

MKEKA, VITAMBAA NA MAKUTI

Wengi wetu tunajua kusuka ukili. Mkeka mpya sebuleni ni pambo kuliko lolote la plastiki, na mgeni ataukalia. Atakayeanza Oktoba atakuwa ameshona wake na pengine mmoja wa kuuza. Vipande vya ukili vinavyobaki visitupwe. Vinakunjwa vikawa nyota na maua ya kutundika mlangoni. Wafundisheni watoto, wana mikono myepesi kutushinda.

Vile vitambaa vya kufuma vya kwenye viti na meza, vioshwe na kutiwa wanga. Koroga vijiko viwili vya unga wa muhogo katika maji baridi kidogo, mimina katika lita moja ya maji yanayochemka, koroga mpaka uwe uji mwepesi. Ukipoa tumbukiza kitambaa, kamua, nyoosha juani. Kitasimama kama kipya. Uji huohuo ukiwa mzito ni gundi. Watoto wakate karatasi za madaftari yaliyokwisha, wapake rangi, waunganishe minyororo ya kuning'iniza darini. Ila mkumbuke kwamba gundi ya muhogo ni chakula cha mende na panya, kwa hiyo minyororo hiyo isilale ukutani mpaka Februari.

Kuhusu makuti ya kupambia mlango na kanisa, tuseme wazi. Mnazi hutoa kuti jipya takriban moja kila mwezi, na kila kuti ndilo linaloshika kole lake la nazi. Anayekata yale machanga meupe ya kileleni kwa sababu yanasukika vizuri anakata nazi za mwaka unaokuja, na akikata vibaya anaua mti. Chukueni ya chini yaliyokwisha kuzaa. Yanasukika pia, ukiwahi kabla hayajakauka.

Maua tunayo bure. Bogenvilia haijali kiangazi, na ule mti wa maua mekundu ambao wengi wanauita mkrismasi huwaka wakati huu huu. Kopo safi lenye maji na matawi mawili linatosha meza nzima.

MTI

Desturi ya mti wa Krismasi ilitoka Ujerumani, kwenye miti ya nchi za baridi. Ndiyo maana utaona watu wanaweka pamba juu ya matawi, ati ni theluji, na hapa mwezi wa Desemba hata kuku anatafuta kivuli. Anayependa pamba yake aweke, lakini haitakiwi.

Mti wetu hapa Pwani ni mvinje. Msikate mti mzima. Mvinje ni nguzo na boriti, ni pesa ya mtu, na ukikatwa mchanga kwa ajili ya wiki mbili ni hasara tupu. Omba tawi moja kwa mwenyewe, lisimamishe katika kopo la mchanga mbichi. Bora zaidi ni mche ulio hai katika mkebe, kama kikundi chenu kina kitalu. Pambeni huo, kisha muupande.

Pango la Noeli nalo lisitugharimu. Mt. Fransisko wa Asizi alipotengeneza pango lake kule Greccio, Italia, mwaka 1223, alitumia hori, nyasi, ng'ombe na punda wa kweli. Watoto wetu wana udongo uliobaki kwenye ukuta. Wafinyange Mtoto, wachungaji na mbuzi, wakaushe kivulini. Tumeona mbuzi waliofinyangwa hapa wenye sura ya Kigiriama kabisa, na tumefurahi.

MOTO NA JAA

Haya mawili tusiyapitie juu juu.

Kaskazi hukausha paa la makuti mpaka linakuwa kama kiberiti. Mshumaa au koroboi karibu na mnyororo wa karatasi, upepo ukaingia dirishani, na nyumba inaweza kuungua yote kabla majirani hawajafika na ndoo. Taa iwekwe mezani ndani ya sahani yenye mchanga, mbali na mapambo, na izimwe kabla ya kulala. Msiweke mshumaa juu ya mvinje hata kwa dakika moja ya kupiga picha. Mwenye taa ndogo za umeme naye asiunganishe nyaya zilizochunika, na azichomoe akitoka kwenda misa ya usiku.

Jaa la Mwakirunge tunaishi nalo, na taka za Mombasa zikija humo huja na vitu vinavyong'aa. Tunajua watoto huenda kuokota. Mapambo, chupa za rangi, makopo. Mwiko usiokubali majadiliano uwe huu: hakuna kitu cha jaani kinachoingia ndani kuwa pambo au mchezo wa mtoto. Humo mna vioo, huweza kuwa na sindano, na makopo ambayo hujui yalibeba dawa gani. Kopo la kuwekea maua litoke jikoni kwako mwenyewe. Wale ambao kuokota ndiyo riziki yao, hatuwasemi vibaya. Tunachoomba ni viatu na glavu, na watoto wabaki nyumbani.

TAREHE 7 JANUARI

Siku hiyo mama na watoto wateremshe kila kitu. Minyororo ya karatasi iliyo nzima ikunjwe ndani ya debe lenye kifuniko, pamoja na nyota za ukili na jani la mwarobaini la kufukuza wadudu. Mwakani hamtaanza upya. Iliyochanika iwashie jiko. Vya plastiki, kama mtu alinunua, vioshwe na kuwekwa, visitupwe nje mbuzi akavila. Nchi yetu ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu tarehe 28 Agosti 2017, lakini mbuzi haulizi ni mfuko au ni riboni.

Makuti na maua makavu yaende kwenye shimo la mboji. Tawi la mvinje ni kuni nzuri sana. Sindano zake, yale majani membamba, haziozi upesi. Pale Bamburi, René Haller alipoanza mwaka 1971 kupanda mivinje kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji, majani yalirundikana chini bila kuoza, mpaka jongoo walipoletwa wakayala na kuyageuza kuwa udongo. Kwa hiyo ukiyatia kwenye mboji usimuue jongoo. Au yatandaze chini ya migomba yazuie jua.

Halafu kikundi kikae, daftari lifunguliwe. Andikeni kilichonunuliwa, kilichobaki, na nani bado hajasilibiwa nyumba. Michango ya mwakani ianze kuzungumzwa hapo hapo, watu wakiwa bado wanakumbuka Januari ilivyowabana.

Na ule mche wa mvinje uliokuwa kwenye mkebe, msiupande sasa, kiangazi kitauua. Uwekwe kivulini, umwagiliwe kila jioni kwa maji ya kuoshea mboga, mpaka masika itakapoanza Machi mwishoni au Aprili. Hapo chimbeni shimo, mtie samadi, mpande, na mzungushie fito mbuzi wasiufikie.